Kwa nini mwenye homa anasikia baridi

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo sianzi na mchoro wa ubongo maana nikianza nao nusu yenu mtasinzia, naanza na malaria, ambayo sidhani kuna mtu humu haijawahi kumlaza. Uko Dar, mwezi wa pili, joto lile la shuka kunata mgongoni, feni inazunguka, halafu wewe umejifunika blanketi mbili meno yanagongana, mama anakugusa paji la uso anasema huyu mtoto anaungua. Sasa nani mkweli, mama au wewe unayesikia baridi?

Wote. Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna kinyama kidogo kama lozi, gramu kama 4 tu, kinaitwa haipothalamasi. Chenyewe kinaonja joto la damu inayopita pale na kuangalia lile joto kilichopangiwa, 37 hivi. Damu ikizidi, mishipa ya ngozi inafunguka na jasho linatoka, ikipoa mishipa inabana na misuli inatetemeka ili itoe joto. Fikirieni pasi ya umeme, umeiseti kwenye hariri, ikifika inajizima, ikipoa inawaka tena.

Sasa vimelea vya malaria vikipasua chembe nyekundu, kinga ya mwili inamwaga kemikali zake, zinasababisha kemikali nyingine, prostaglandini, itengenezwe, na hiyo ndo inaiharibu haipothalamasi... hapana, nifute hilo neno, hapa ndo wengi tunakosea. Pasi haijaharibika, kuna mtu kazungusha kile kitufe kutoka hariri kwenda pamba. Namba imepanda, tuseme 39, na damu yako imeshaanza kupanda, ndo moto anaousikia mama, ila bado haijafika huko, kwa hiyo kwa hesabu za haipothalamasi umepoa vibaya sana, ndo unaanza kutetemeka na kutafuta blanketi. Ukishafika 39 baridi inakata. Ukimeza Panadol prostaglandini inapungua, kitufe kinarudi hariri, mwili unajikuta umezidisha, unalowa jasho mpaka godoro. Bibi akiona lile jasho anasema homa imetoka, na bibi yuko sahihi kabisa, ila malaria yenyewe bado imo, dawa yake ni nyingine.

Dada hapa mbele anauliza, na aliyezidiwa na joto la juani je? Swali zuri hilo. Huyo kitufe chake hakijaguswa, bado ni 37, ila joto linaingia kuliko mwili unavyoweza kulitoa. Panadol haimsaidii kitu. Kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na hospitali haraka, hasa akianza kuongea vitu havieleweki.

Njaa na usingizi navyo viko hapohapo ila vina siku yake, kiu tu niiguse. Damu ikizidi chumvi hata asilimia 1 au 2, kinyama kilekile kinajua, kinakupa kiu na kinatoa homoni ya kuziambia figo zibane maji, ndo maana mchana wa Ramadhani mkojo ni kidogo na wa njano iliyokolea. Halafu angalieni kitu cha ajabu, unafuturu, glasi moja tu ya maji na kiu inakata palepale, na maji yenyewe hata hayajafika kwenye damu! Yaani ubongo unasikia mdomo na koo vimepata maji, unakubali kwa mkopo.

Naona ndugu yangu pale nyuma anacheka, najua anataka kuuliza bia. Ndiyo kaka, pombe inaikandamiza ileile homoni ya kubana maji, figo zinaachia, unakunywa chupa mbili unaenda chooni mara nne, na asubuhi unaamka mdomo mkavu kama umelala na pamba mdomoni.