Kariakoo: hasira kwa wageni na majina ya kukodisha

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji. Ukipita mitaa ya Kongo au Aggrey hapa Kariakoo siku hizi utasikia kauli moja: wageni wametumaliza. Kaka Baraka, hasira hii ina msingi?

BARAKA: Ina msingi, dada. Mfanyabiashara wetu mdogo hana mtaji wa kujaza kontena. La futi 40 linabeba kama mita za ujazo 67, kwa hiyo wanachangia wengi, kila mmoja na katoni zake. Mgeni anajaza lake peke yake, kwa bei ya kiwandani Guangzhou, China. Akiuza jumla, hakuna ugomvi. Ugomvi unakuja anapomuuzia mteja wa mtaani pea moja ya viatu kwa bei ileile ya jumla. Yule aliyekuwa akichukua dazeni kwake ili akauze rejareja, riziki imekatika hapohapo.

MWANAIDI: Na fremu, vyumba vya maduka?

BARAKA: Hapo ndipo penye kidonda. Anayetoka anadai kilemba, yaani fedha ya kukuachia fremu, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mwenye fungu nene ndiye anayeingia. Ila mwenye nyumba ni Mtanzania, na kilemba amekula Mtanzania. Hao hatuwazomei.

MWANAIDI: Mwishoni mwa Julai 2025 likatoka tangazo la serikali la kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15: jumla na rejareja, miamala ya simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, kununua mazao shambani na nyinginezo.

BARAKA: Watu wengi wameshika nusu yake tu. Supamaketi hazikuguswa. Saluni ya hotelini inaruhusiwa. Na leseni iliyokuwa hai siku ile iliachwa mpaka muda wake uishe. Ukimkuta mgeni dukani, hiyo peke yake haijathibitisha kosa.

MWANAIDI: Adhabu je?

BARAKA: Asiye raia, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Raia anayemsaidia, milioni 5 au miezi mitatu jela. Hii ya raia ndiyo ningependa isomwe kwa sauti kila mtaa wa Kariakoo.

MWANAIDI: Kwa sababu ya majina ya kukodisha.

BARAKA: Ndiyo. Kijana Mtanzania anachukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni na mkataba wa pango kwa jina lake, halafu anapewa chochote kila mwezi. Mzigo, funguo na fedha ni vya mgeni. Lakini EFD, ile mashine ya risiti, inatoa risiti kwa TIN ya kijana. Mauzo yakivuka milioni 200 kwa mwaka, mwenye TIN anatakiwa asajiliwe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na yeye hata daftari la mauzo hajawahi kuliona. Mamlaka ya Mapato, TRA, ikikokotoa deni inamfuata yeye. Bosi wake keshapanda ndege.

MWANAIDI: Mimi kinachoniuma ni watu kuhukumu kwa sura. Mtu kazaliwa Ilala, mzazi wake raia, anaambiwa arudi kwao kwa kuwa ana asili ya Kihindi au Kisomali. Warundi walioingia mwaka 1972, zaidi ya 160,000 walishapewa uraia. Wana haki ya kufungua duka kama wewe.

BARAKA: Na hata akiwa mgeni kweli, huna mamlaka ya kumdai pasipoti barabarani. Hiyo ni kazi ya Uhamiaji.

MWANAIDI: Basi mwenye malalamiko aanzie wapi?

BARAKA: Nunua kitu, dai risiti. Ina jina la biashara, TIN, tarehe na saa. Kwa kununua umeshaona pia kama wanauza moja moja au kwa katoni. Tazama leseni, inatakiwa iwe imebandikwa panapoonekana. Soma jina na tarehe ya kuisha. Andika mtaa, namba ya fremu na bidhaa. Peleka kwa ofisa biashara wa halmashauri, maana leseni za rejareja hutoka kwao. Suala la kibali lipeleke Uhamiaji. Ukiandika tu "Mchina wa Aggrey", ofisa hana pa kuanzia, barua inalala mezani.

MWANAIDI: Na asipokupa risiti?

BARAKA: Hilo ni kosa tayari, awe mgeni au mwenyeji. Ripoti TRA, na taja saa uliyonunua.