Mzigo umeingia! Haya, umeingia wapi?

Asalaam aleikum, habari za mchana jamani. Mmekula? Najua saa hizi baada ya ule wali usingizi unavuta kwa hiyo sina slaidi, nitaongea tu, na mtu akiwa na swali aninyooshee mkono asisubiri mwisho, maana mwisho wenyewe maiki huwa inazima.

Mimi nauza kanga onlaini. Nilianza na begi moja, sasa hivi nina mzigo sehemu tatu: Dar stoo iko Kariakoo, Mombasa yuko binamu yangu anakaa na mzigo, na Muscat shangazi kanitolea chumba kizima, Mungu ambariki, mume wake analalamika lakini tunaendelea. Leo nimeombwa niongelee kile kibatani kidogo kinachokaa pale bidhaa ikiisha, "nijulishe ikirudi". Watu wanakidharau, mimi kile kibatani kimeshanitukanisha nchi tatu siku moja.

Ilikuwa hivi. Kuna kanga nyekundu, jina lake lilikuwa linapigana na mawifi, ikakata Dar ndani ya siku mbili. Watu wakajiandikisha, wakafika kama 210 hivi. Mombasa ikaingia doti 40, binamu akaandika 40 kwenye sistimu, sistimu ikajumlisha Dar sifuri, Muscat sifuri, Mombasa 40, jumla 40, basi stoku ipo! Meseji ikaenda kwa wote 210. Mtu yuko Temeke anabonyeza linki, anafika kwenye malipo anakuta usafiri wa kutoka Mombasa unakaribia bei ya doti yenyewe. Wa Muscat ndo kabisa, anaambiwa haifiki kwako. Mama mmoja akanipigia akaniambia, mwanangu, umenialika shughulini halafu sahani hakuna. Sikuwa na jibu.

Sasa hapo ndo somo lote la leo lipo, mengine ni mapambo. Ukimwambia mtu mzigo umeingia, yeye anasikia umeingia KWANGU. Hajali una doti 40 duniani, anajali kuna doti inayoweza kumfikia yeye kwa bei ya kueleweka. Kwa hiyo namba ya kuangalia sio jumla, ni namba ya stoo inayomhudumia yule mtu. Shopify, ule mfumo wa kulipia wa kuendesha duka la onlaini, wanahesabu mzigo kwa kila sehemu, hiyo ipo, ila angalia ile programu ya taarifa uliyounganisha inasoma jumla au inasoma sehemu, wengi hatuulizi. WooCommerce, ule mfumo mwingine wa duka unaokaa kwenye websaiti ya WordPress, yenyewe ikiwa tupu bila programu ya nyongeza inakupa namba moja tu ya stoku kwa bidhaa, kwa hiyo kama una stoo mbili hiyo namba inakudanganya kila siku na wewe unaiamini.

Swali linakuja, utajuaje mteja yuko wapi? Wengi wanasema si angalia namba ya simu. Jamani! Nina wateja Muscat wana namba ya 255 mpaka leo wanaitumia WhatsApp, hawataki kuiacha. Wengine wanasema angalia intaneti yake inatokea nchi gani, sasa huyo mtu yuko Muscat ananunua kanga ya mama yake aliyeko Unguja, mzigo unatakiwa Unguja, wewe unamtumia taarifa ya Muscat. Mimi nilichofanya nimeongeza swali moja tu pale kwenye kujiandikisha, "tukuletee wapi?", na hapo chini machaguo machache. Kuuliza hakuna gharama. Na muulize kitu kamili, jina lipi na rangi ipi, maana kanga jina ni moja lakini rangi ziko tatu, aliyesubiri nyekundu ukimwambia kijani imerudi anaona unamzingua. Wa viatu ndo mnajua zaidi, saizi.

Halafu kuna hii ya namba kutoka sifuri kwenda moja. Mteja kakataa mzigo mlangoni, bodaboda karudisha doti moja, kijana wa stoo kaiingiza, sistimu inaona duh, imerudi! Inawaamsha watu 200 kwa doti moja. Kesho yake tena hivyo hivyo. Kwa hiyo weka kiwango, mimi kwangu chini ya doti sita kengele haipigwi, zile moja moja nazitoa kwa mkono, nampigia wa kwanza kwenye listi. Na meseji ikishaenda kwa mtu, hiyo kanga hiyo hiyo asipate nyingine mpaka zipite siku kadhaa.

Na tafadhali sana, mzigo ulioko bandarini haujaingia. Kanga zangu nyingi zinatoka India, kontena likishuka kuna siku za kutoa mzigo, kuna makaratasi, kuna "njoo kesho". Zamani nilikuwa naandika namba siku meli inafika kwa furaha. Siku hizi mpaka robota lifunguliwe, zihesabiwe, zikae rafuni, ndo namba inaandikwa. Shangazi nilimfundisha hivyo na ndo mkali kuliko wote, hata mimi nikimwambia aingize anasema sijaziona kwa macho.

Haya, mzigo upo kweli, doti 30, wanaosubiri sehemu hiyo 200. Unatuma kwa wote? Ukituma kwa wote 30 wanafurahi na 170 wanakuchukia, na hao 170 ndo wenye midomo. Mimi natuma kwa mafungu, aliyejiandikisha kwanza anaanza, natuma kwa watu kama mara mbili ya doti nilizonazo maana sio kila mtu atanunua, nasubiri masaa, naangalia kilichobaki, ndo fungu la pili. Na kabla ya kila fungu sistimu iangalie stoku upya, sio ile ya asubuhi. Kuna wanaosema wateja wakubwa waanze, sawa, kila mtu na duka lake, mimi nimejaribu nikaona aliyesubiri mwezi mzima akijua kapitwa na mtu wa jana harudi tena, na Mombasa wanajuana wote.

Sasa saa. Hapa mtacheka. Nilitaka meseji iende saa 2 asubuhi, nikaingia kwenye sistimu nikaandika 02:00. (Watu wanacheka.) Ndiyo, chekeni. Saa nane za usiku simu za watu zinalia mzigo umeingia, mzigo umeingia. Kompyuta haijui saa yetu ya Kiswahili, saa 2 asubuhi ni 08:00, andikeni mahali mbandike ukutani. Na kila nchi na saa yake, Dar na Mombasa na Kampala tuko sawa, Muscat na Dubai wako mbele saa moja, Lubumbashi wako nyuma saa moja. Afu kuna ndugu zetu Minneapolis, Marekani, mimi nikituma saa 3 asubuhi ya Dar kule ni saa 7 usiku wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi ni saa 6 usiku kwa sababu wao wanasogeza saa. Kwa hiyo panga muda kwa saa ya anayepokea. Na wikendi pia, Oman ni Ijumaa na Jumamosi, Emarati serikali tangu 2022 imehamia Jumamosi na Jumapili na Ijumaa inafanya nusu siku. Mimi Ijumaa mchana situmi kitu popote, watu wako msikitini.

Kaka hapo mbele anauliza SMS au WhatsApp. Vyote, ila ujue vinavyokula hela. SMS moja ni herufi 160, ikizidi inakatwa vipande na kila kipande unalipia. Sasa ukiweka emoji moja tu, hata kakopakopa kadogo, ile 160 inashuka inakuwa 70. Na kitu ambacho kilinichukua miezi kukigundua, ile alama ya juu kwenye "ng'ara", ukiikopi kutoka kwenye simu au Word inakuja iliyopinda, na hiyo iliyopinda haipo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo meseji nzima inageuka ya herufi 70. Neno moja, "ng'ara"! Nilikuwa nalipa vipande viwili mpaka vitatu kila mtu. Weka ile iliyonyooka au tafuta neno lingine. Kiarabu kwa wateja wa Muscat hakina ujanja, ni 70 tu, andika kifupi.

WhatsApp ile ya kawaida ya biashara, listi moja ya kutuma inabeba watu 256, na asiyekuseivu namba yako haimfikii, kwa hiyo unadhani umetuma kumbe nusu hawajaona. Ile ya kulipia unatuma meseji iliyopitishwa kabla, na bei inafuata nchi ya namba ya anayepokea, kwa hiyo yule wa Muscat mwenye namba ya 255 anahesabiwa Tanzania hata akiwa Muttrah, hukohuko Muscat, anakula mishkaki.

Bei ziandikwe kwa hela ya mtu. Riali ya Oman ina tarakimu tatu baada ya nukta, 4.500 ni riali nne na nusu, mtu wa Dar akiiona anadhani elfu nne mia tano. Na lugha ya duka: Mombasa andika leso, Dar andika kanga, Muscat inategemea familia.

Sheria sitakaa sana, Tanzania tuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, Ulaya wana GDPR. Kwa kifupi namba uliyopewa kwa ajili ya kanga nyekundu sio ruhusa ya kumtangazia udi kila wiki. Akishajulishwa, mtoe kwenye listi. Na kama hiyo kanga kiwanda hakiprinti tena, mwambie haitorudi, umuoneshe inayofanana. Wanashukuru kweli, mimi nilidhani watanuna.

Dada pale nyuma? ... Anasema yeye hana websaiti, anauza Instagram na ana daftari. Dada, daftari linatosha kabisa. Chora safu tano: jina la mteja, anataka nini na rangi gani, umpelekee wapi, tarehe aliyoomba, na umeshamwambia au bado. Ukipokea mzigo unaanza juu kushuka chini kwa wale wa sehemu hiyo tu. Mimi kabla ya sistimu nilifanya hivyo miaka miwili na sikuwahi kumwamsha mtu saa nane za usiku. Haya maiki mpelekeeni yule kaka wa viatu, kanyoosha mkono kitambo.