Yungiyungi Halifi Kiangazi

Habari za asubuhi mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana wa bustani. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maua yanayopenda maji, nami nimechagua moja tu: yungiyungi la buluu, hili linaloota lenyewe kwenye madimbwi na mabwawa ya maji baridi. Kitaalamu linaitwa Nymphaea nouchali. Ni mmea wa kudumu. Nalisisitiza hilo kwa sababu huku kwetu Mtwara na Lindi watu wengi wanaolipanda kwenye beseni nyumbani wanalitupa likiwa bado hai.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba, na ikifika Mei zimekwisha. Kinachofuata ni jua mpaka basi. Maji kwenye beseni yanapungua, majani yanageuka manjano na kuoza, mwisho linabaki tope linaloanza kupasuka. Mwenye nyumba anaangalia, anasema limekufa, anamwaga vyote jalalani apate beseni lake. Halijafa! Ndani ya tope lile kuna kiazi. Kimejiwekea chakula, kimelala, kinangoja maji.

Kwa hiyo likianza kunyauka, usilichimbue. Kata majani yaliyooza, sogeza beseni kivulini, na kila baada ya siku kadhaa nyunyiza maji kidogo, tope libaki na unyevu. Basi. Kama una maji ya kutosha, endelea kujaza tu, huenda lisilale kabisa. Lakini mtu wa Newala au Tandahimba anayenunua maji kwa ndoo, simshauri hata kidogo ajaze beseni mwezi wa Septemba kwa ajili ya ua. Aliache lilale. Mvua zikirudi, kiazi kitachipua.

Sasa kulipanda. Mchanga wetu huu hautufai peke yake, hauna nguvu na unachafua maji. Tafuta udongo wa mfinyanzi, au ule mweusi wa mbuga. Samadi mbichi usiitie: inaoza, maji yananuka na kugeuka kijani. Jaza udongo kwenye karai pana, panda kiazi huku ncha inayochipua ikiwa juu, isifunikwe, kisha tandaza kokoto juu ya udongo ili tope lisipande. Lizamishe karai hilo kwenye beseni lenye maji; mwanzoni maji yawe sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Majani yakishafika juu na kutanda, ongeza polepole mpaka 30 au 40. Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe utapata majani tu. Na ninyi mnaokaa karibu na bahari, onjeni kwanza maji ya kisima: yakiwa na chumvi, tumieni ya mvua.

Jambo lingine la huku kwetu: ndoo iliyochanganyiwa dawa ya mikorosho isiguse maji haya.

Nimekuja na kikonyo cha jani, kizungusheni. Nimekikata kimshazari ili mwone matundu yaliyomo. Hizo ni njia za hewa. Kiazi kimezama kwenye tope lisilo na hewa, na kinapumua kupitia humo, kwa hewa inayoingilia majanini. Vinyweleo vya jani hili, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, viko upande wa juu, unaotazama angani, na ndiyo maana jani lililozamishwa linateseka. Ukilikuta limefunikwa na magugu, lifunue.

Ua lenyewe linafunguka asubuhi na kufumba alasiri, kwa siku chache mfululizo. Likishachavushwa, bua lake linajipinda na kulivuta tunda chini ya maji. Tunda likiiva linapasuka, na mbegu zinaelea kwa muda kabla ya kuzama. Kwa hiyo lifunge mapema kwa kipande cha chandarua kikuukuu, usije ukazipoteza. Zimwage juu ya tope laini, chini ya maji ya sentimita 2 au 3, mahali penye jua.

Nawasihi mchukue mbegu, si kung'oa viazi vyote bwawani. Na gugu maji, lenye maua ya zambarau na vikonyo vya majani vilivyovimba, msilibebe kabisa hata kama linapendeza. Limetoka Amerika Kusini, na likiingia bwawani linatanda juu ya maji yote, yungiyungi linakosa jua.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu mbu. Swali zuri, maana maji yaliyotuama yanazalisha mbu, na sitaki mtu augue malaria kwa sababu ya mhadhara wangu. Weka perege wadogo, watakula viluwiluwi. Wakikua waondoe, kwa sababu perege mkubwa anachimba tope na kung'oa mizizi. Kama huwezi kupata samaki, subiri kwanza, usianze na beseni la maji uani.