Mfuko wa Kiinitete wa Yungiyungi

Walimu wenzangu, na wanafunzi wa kidato cha sita mliofika, asanteni.

Mchoro tuliozoea wa mfuko wa kiinitete, yaani sehemu ya ua ambamo yai hukaa na mmea mchanga huanzia, ni wa seli saba na viini vinane. Ndani ya ovyuli, sehemu ya ovari inayokuja kuwa mbegu, seli moja hugawanyika kwa meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu (vibeba urithi) kwa nusu, na kutoa seli nne, tatu hufa. Kiini cha iliyobaki hugawanyika mara tatu, tunapata viini vinane. Chavua huleta seli mbili za kiume: moja hurutubisha yai, ya pili huungana na viini viwili vya katikati, na endospemu, tishu ya kulisha kiinitete, inazaliwa na seti tatu za kromosomu. Unga wetu wa mahindi hutoka humo kwa sehemu kubwa. Sergei Nawaschin alieleza urutubishaji huu maradufu mwaka 1898.

Yungiyungi haufuati mchoro huo. Kwake kiini hugawanyika mara mbili tu. Viini vinne hukaa upande mmoja, karibu na kitundu unakoingilia mrija wa chavua: yai, seli saidizi mbili, na seli ya kati yenye kiini kimoja. Upande wa pili hakuna kitu. Mwaka 2002 Joseph Williams na William Friedman walionyesha, kwa Nuphar polysepala wa Marekani Kaskazini, jamaa wa yungiyungi, kwamba endospemu yake ina seti mbili: ya mama na ya baba, basi.

Je, chakula cha mbegu kinatoka wapi? Pasua mbegu iliyokomaa kwa wembe. Wanga mweupe unaoijaza ni perispemu, tishu ya mama mtupu. Kiinitete ni kidogo mno, kiko nchani, na endospemu imekifunika kama kofia.

Ajabu zaidi ni Trithuria, vimea vya majini vya Australia, New Zealand na India. Kwa miaka mingi viliwekwa karibu na nyasi, hadi DNA ilipovihamishia kwa yungiyungi mwaka 2007. Perispemu yake huanza kuweka wanga kabla ya kurutubishwa! Misonobari nayo hutangulia hivyo, ingawa kwa tishu nyingine.

Yungiyungi ni tawi la kale sana la mimea ya maua. Kwa hiyo sikubali tuuite mpango wake kasoro. Wataalamu wengi wanaona viini vinne ndivyo vilivyotangulia, na vinane vikaja kwa kurudufu kundi lilelile la viini vinne. Naomba tunapochora ubaoni, tuichore yote miwili. Vipande vya ovari viko tayari kwenye hadubini, karibuni mezani.