Gia Hubadilishwa Kabla ya Mlima

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kusubiri. Mvua ya Soni mnaijua wenyewe.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Naona hawakuwahi kunyonga baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto. (Kicheko.) Kilomita 33 hivi, na barabara inakupandisha karibu mita 1,000. Pale kupanda ndiyo ngoma yenyewe.

Tazameni hii niliyokuja nayo. Mbele kuna sproketi tatu, yaani vile visahani vya meno vinavyovuta cheni: ndogo ina meno 22, kubwa 44. Nyuma zipo saba, za meno 14 hadi 28. Nikiweka 44 kwa 14, pedali ikizunguka mara moja, tairi hili la inchi 26 linakwenda mita sita na nusu. Nikiweka 22 kwa 28, linakwenda mita moja na nusu na ushee tu. Mlima ni uleule. Ila unaulipa kidogo kidogo, kama deni la dukani.

Vijana, gia nyepesi mnaijua. Msichojua ni wakati wake. Mnaingia kona na gia nzito, mnakomaa, baiskeli inakaribia kusimama, ndipo kidole kinaanza kutafuta gia. Wakati huo cheni imekazwa na uzito wako wote, na cheni haihami kama haizunguki kwa ulaini. Mimi yalinikuta kona moja juu ya Mombo, nimefunga ndoo ya rangi nyuma. Nilibonyeza gia ya mbele huku nimesimama juu ya pedali. Krak! Cheni ikaangukia kati ya sproketi ndogo na fremu, pedali ikaenda bure, nami nikaenda mtaroni. Rangi ilikuwa ya bluu. Mke wangu anaisimulia mpaka leo.

Basi fanya hivi. Ukiuona mlima, ungali tambarare, shusha gia ya mbele kwanza, cheni iende sproketi ndogo. Za nyuma utazishusha moja moja kadiri unavyopanda, kuelekea sproketi kubwa. Kila ukitaka kubadilisha, kanyaga kwa nguvu mara moja upate mwendo, kisha legeza mguu. Usiache kunyonga, legeza tu. Bonyeza, usikie "tik", ndipo ukanyage tena. Miguu ikizunguka mara 60 au 70 kwa dakika, uko salama. Ikipungua sana, umechelewa. Gurudumu la mbele likianza kunyanyuka, sogea mbele ya kiti na uinamie usukani.

(Mzee mmoja: "Na sisi wa Phoenix, isiyo na gia?")

Shikamoo mzee. Fundi anaweza kukuwekea sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, tuseme 22 badala ya 18, na kuongeza pingili za cheni. Mlimani utapumua, tambarare utanyonga kama cherehani. Na ukishuka kusukuma, si aibu. Kwenye Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mabingwa hawakuruhusiwa gia za kubadilisha mpaka 1937. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi kila upande, moja ya meno mengi zaidi; wakifika chini ya mlima wanashuka, wanalifungua, wanaligeuza, wanapanda tena. Mvua ikiwanyeshea vilevile.

Haya, nani amekuja na ya gia? Ilete hapa mbele, tuipindue miguu juu, kila mmoja aibadilishe kwa mkono wake.