Kabla hujaangalia ngozi, mwambie mgonjwa avue viatu

Haya karibuni tena, niko hapa Nairobi kwa chumba changu cha kliniki na hii video ya kutafuta kansa ya ngozi ni ya nyinyi madaktari wa familia na maklinikal ofisa, najua foleni iko hapo nje na hamna muda wa stori mingi, kwa hivyo twende.

Kwanza, viatu. Vyote viwili, na soksi pia. Hata kama amekuja kupimwa presha. Ataona haya, atakwambia daktari nimetembea toka asubuhi miguu ni vumbi tupu, wewe mpe pamba na maji apanguse. Sisi shuleni tulionyeshwa picha za melanoma, ile kansa ya ngozi inayoanza kwa seli za rangi, kwa mgongo wa mzungu, sasa ukingoja kuiona hapo kwa mtu mweusi utangoja sana, kwetu inapenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, na jua halihusiki sana hapo. Bob Marley yake ilipatikana 1977 kwa kidole gumba cha mguu, akafa 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Umepata doa jeusi kwa unyayo? Sogeza taa. Ngozi ya hapo ina matuta na mitaro kama shamba la viazi, ona hapa karibu. Sasa chukua maka pen ya ubao, mimi natumia ya kijani, paka juu ya doa, halafu panguza na spiriti. Wino unatoka juu ya matuta unabaki kwa mitaro, hiyo mistari ya kijani. Weka dematoskopu, ile lenzi yenye taa ya kuangalia ngozi, inakuza mara 10. Weusi ukiwa umefuata ile mistari ya kijani, mara nyingi ni doa la kawaida. Ukiwa umekaa katikati ya mistari, yaani juu ya matuta, huyo mgonjwa usimwache aende hivi hivi. Kama huna dematoskopu tumia jicho na rula, na umuulize limeanza lini na linakua aje.

Kucha sasa. Mistari ya kahawia kwa kucha kadhaa ni kawaida yetu, usimtishe mtu. Mstari mmoja kwa kidole kimoja, unaopanuka, ama weusi umemwagika mpaka kwa ngozi ya pembeni, hapo shtuka. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mzee fulani dawa ya fangasi mara tatu kwa ukucha kama huo, na kila akirudi nilikuwa naangalia kadi badala ya kidole.

Kidonda cha unyayo kimepita miezi 2 hakiponi, hata kama ana sukari, fikiria kansa. Mwenye ualbino ni hadithi ingine kabisa, huyo anza na uso, masikio, midomo na shingo, hapo jua ndilo adui. Na madoa ya zambarau kwa miguu, fungua mdomo uangalie kaakaa, inaweza kuwa kansa ya Kaposi, uliza kuhusu HIV bila kuzungukazunguka.

Mwisho, tafadhali doa usilichome, usiligandishe, usilikwangue juu juu. Kama umefundishwa bayopsi, yaani kukata kipande cha ngozi kiende maabara, toa kipande chenye kina, weka kwa fomalini asilimia 10. Kama hujafundishwa piga picha na rula kando ya doa, umtume kwa daktari wa ngozi, na kwa fomu usiandike tu "kidonda mguuni", andika unyayo wa kushoto, chini ya kisigino, milimita ngapi, limeanza lini.

Sasa mrudishie soksi zake.