Midia ya Bei Nafuu kwa Viumbe wa Seli Moja

Walimu wenzangu, wanafunzi, nianze na kinachomaliza fedha za maabara. Katika midia ya bakteria, yaani chakula cha kuwakuzia maabara, chumvi na glukosi si tatizo. Gharama iko kwenye peptoni, yaani protini iliyokwisha kukatwakatwa, na kwenye aga, kitu cha mwani kinachogandisha midia. Kwa vimelea kama lishmania, mzigo ni seramu ya ndama, yaani majimaji ya damu yake. Anayetaka kubana matumizi aanzie hapo.

Peptoni inatengenezeka. Protini nzima haipenyi utando wa bakteria. Lazima ivunjwe kwanza. Loweka unga wa kunde au soya, tia papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, uache kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Chuja, sawazisha pH, kipimo cha uasidi, karibu na 7, kisha takasa kwa mvuke wa nyuzi 121, dakika 15.

Wala tusione haya kuingia jikoni. Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti wa bakteria Walther Hesse, ndiye aliyependekeza aga mwaka 1881, kwa kuwa aliizoea katika mapishi. Jelatini iliyotumika wakati huo huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 37, joto wanalolitaka bakteria wa mwilini. Aga haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85.

Hapa naomba mnisikilize sana, maana ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Midia mpya hudanganya mara ya kwanza. Ukihamisha tone la seli, umehamisha na chakula chao cha zamani, na seli zenyewe zina akiba ya vitamini na madini. Zitagawanyika, nawe utashangilia mapema. Hamisha tena, sehemu 1 katika 100, mara 3 mfululizo: mchuzi wa zamani, yaani midia ya majimaji, utabaki sehemu 1 katika milioni. Zikikua kwa kasi ileile, midia unayo. Zikizorota, kuna kirutubisho kinakosekana. Mara nyingi ni vitamini, na dondoo kidogo ya hamira huziba pengo.

Linganisha na midia ya kawaida siku ileile, kwa seli za kupandikiza zilezile. Usipime kwa kuangalia jinsi mchuzi ulivyotibuka, kwani kunde zenyewe huutibua; hesabu makoloni, yaani vifundo vya bakteria vinavyoota juu ya aga. Tena usijivunie Escherichia coli, bakteria anayeota karibu popote. Jaribu streptokoki, bakteria wateuzi wa chakula.

Na kila unga mpya uufanyie jaribio upya kabla ya kuutumia, kwa sababu kunde za mavuno mawili hazilingani kwa protini.